Kuhama kwa ajili ya Maisha Mapya, na Haki za Walio Mikononi Mwetu

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, ametuletea suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, nasi tulipolifikiri tumeliona kuwa ni kubwa. Asema kuwa amepata kazi ya uhandisi Uingereza, na kwamba amekwisha azimia kuhamia huko, yeye na mkewe na watoto wao watatu. Si kwamba hapa hana kazi, wala si kwamba ana njaa. Kazi anayo, na nyumba ya urithi anayo. Atakacho, kwa maneno yake mwenyewe, ni maisha mapya. Nyumbani mwao mna paka wa miaka minane ambaye watoto wamekua naye, nao wamelia wakitaka waende naye. Basi yeye auliza: Je, yafaa kumsafirisha paka huyo kwa gharama kubwa, au ni israfu? Na ikiwa ni israfu, je, yafaa kumwacha?

Suala hili lilipotajwa barazani baada ya sala ya Isha, watu walicheka. Mmoja alisema kuwa mwenye kuuliza habari za paka amekwisha kuwa Mzungu kabla hajapanda ndege. Mwingine akasema kwa hasira kuwa suala si paka, bali ni haramu kabisa Mwislamu kuuacha mji wa Waislamu akenda kukaa kwa wasiokuwa Waislamu kwa kutaka starehe. Wa tatu akasema kuwa lau yeye angepata nafasi hiyo, asingelala usiku huo, wala asingemkumbuka paka wala mtu. Sisi hatukucheka. Tumeona kuwa katika majibu haya matatu hapana hata moja lililomjibu muulizaji, na kuwa suala lake lina haki ya kujibiwa kwa utaratibu.

Tuanze na huyo aliyesema ni haramu. Neno haramu ni zito, wala halifai kutupwa ovyo kama kokwa ya tende. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi, nchi ya mfalme wa Kikristo, kwa kuwa mfalme yule alijulikana kwa uadilifu. Hayo yalikuwa mwaka 615. Na Jaafar bin Abi Talib alikaa huko mpaka mwaka 628, yaani miaka sita baada ya Waislamu kupata mji wao wa Madina, wala hatukusikia kuwa alilaumiwa kwa kukawia. Maulamaa wengi waliolizungumza jambo hili wametazama mambo mawili: je, mtu ataweza kuidhihirisha dini yake huko aendako, na je, haichelei nafsi yake na watu wake fitina? Katika hesabu ya watu iliyofanywa Uingereza na Wales mwaka 2021, Waislamu walikuwa kiasi cha milioni 3.9, na msikiti wa Woking umesimama tangu mwaka 1889. Basi hawezi mtu kusema kuwa huko hapasaliki.

Na sisi wenyewe ni nani? Mwulize mtu wa Mji wa Kale nasaba yake. Kabla hajafika babu wa tano huenda akakutajia Hadhramaut, au Omani, au Barawa, au India. Lau kuhama kungelikuwa ni haramu, wengi wetu tungelikuwa ni matunda ya haramu hiyo. Wazee wale walikuja kwa majahazi na pepo za kaskazi, wakafanya biashara, wakaoa, wakasomesha, wakazikwa hapa. Twajivunia safari zao. Walakini yapasa tuseme na lile ambalo hatulisemi sana katika maulidi na harusi zetu: kuwa wengi katika wao waliacha nyuma wake na wazee waliongoja barua kwa miaka, na wengine wao walingoja mpaka mauti yakawakuta. Hayo pia ni katika tarehe yetu.

Ama yule wa tatu, asemaye kuwa asingelala kwa furaha, huyo ahitaji kuamshwa. Watu wengi wa pwani huidhani Ulaya kuwa ni bustani ambayo fedha huchumwa mitini. Hawaoni ila picha za wenzao wamesimama mbele ya motokaa. Mwenye kuhama na atie hesabu kabla hajafunga mizigo. Kwa mfano, Februari 2024 serikali ya Uingereza iliweka ada ya matibabu kwa wageni waendao kukaa huko kwa kazi, wasiokuwa katika kazi za afya: pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka. Kwa kima hicho, mume na mke na watoto watatu ni pauni 4,398 kwa mwaka. Na ikiwa ruhusa yao ni ya miaka mitatu, ni pauni 13,194, nazo hutakiwa kwa mkupuo mmoja kabla ya kuondoka, mbali na nauli na ada ya viza yenyewe. Kisha atakuta mwezi wa Disemba, London, jua likichomoza karibu na saa mbili za asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi za alasiri. Hatusemi haya ili kumvunja mtu moyo. Twasema ili aijue bei, kwani mnunuzi asiyeuliza bei hujuta akiisha fika nyumbani.

Na hapa ndipo tulipotaka kufika. Maisha mapya ni kitu kinunuliwacho. Na kila kinunuliwacho kina bei. Basi suala la kweli katika jambo hili si kuwa kuhama ni halali au haramu. Suala ni hili: ni nani alipaye?

Ewe msomaji, tofautisha baina ya mtu aliyefukuzwa na mtu aliyejichagulia. Waliokimbia Unguja mwaka 1964 roho zao zikiwa mikononi, hawakuwa na wakati wa kushauriana. Watu wa Barawa walioingia Mombasa kwa vyombo vya bahari mwaka 1991, wakikimbia vita vya Somalia, kisha wengi wao wakaendelea mpaka Uingereza, hawakuwa na hiari ya kuuliza ni nani aachwe na ni nani achukuliwe. Mwenye dharura ana udhuru, na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa ameitaja ardhi yake kuwa ni kunjufu kwa wale wanaodhulumiwa. Lakini mwenye kuhama ili awe na nyumba yenye nafasi zaidi, au skuli yenye jina zaidi, au kwa kuwa amechoka na joto na kelele za mji, huyo hana dharura. Ana matamanio, na matamanio si dhambi. Ila kadiri hiari ya mtu inavyozidi, ndivyo masuala yake yanavyozidi. Katika Hadithi mashuhuri aliyoipokea Umar bin Al-Khattab (R.A.), ambayo Bukhari amekifungulia kitabu chake, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa hata wale waliohamia Madina, njia moja na jangwa moja, kila mmoja hijra yake ilihesabiwa kwa kile alichokikusudia. Aliyehamia dunia atapata dunia aliyoihamia. Basi na ajiulize muulizaji wetu: nimekusudia nini, na ni nani nitakayemtoza thamani yake?

Wa kwanza katika wanaotozwa ni mke. Mara nyingi mume wa kwetu humwambia mkewe, "Tutahama mwezi wa nane," kama amwambiaye kuwa jioni kutakuwa na wageni. Akinyamaza, huitwa kuwa ameridhika. Tazama katika Suratul-Baqara: jambo la kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kutimia limefungamanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Ikiwa kumwondoa mtoto mmoja katika kifua cha mamake kwahitaji mashauri, je, kumwondoa mwanamke katika mji wake, na dada zake, na jirani zake waliomzalisha, na lugha yake ya sokoni, kutakuwa hakuhitaji? Mwanamume atakwenda kazini na atapata wenziwe huko. Mkewe ndiye atakayekaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, asikie upepo tu. Na kushauriana si kumwarifu mtu. Kushauriana ni kuwa tayari kuliacha lile ulilolitaka.

Wa pili ni watoto. Hawa husafirishwa kama mizigo: huvishwa viatu wakapandishwa ndege. Twaambiwa kuwa ni kwa ajili yao, na huenda ikawa ni kweli; lakini mtu akisema "nimefanya kwa ajili yako" bila ya kumwuliza huyo aliyefanyiwa, mara nyingi huwa amejifanyia mwenyewe. Hatusemi kuwa mtoto wa miaka saba ndiye aamue safari ya nyumba. Twasema kuwa ana haki ya kuambiwa kweli: kuwa atawakosa wenziwe wa chuoni, kuwa kwa muda atakuwa ni mjinga katika darasa baada ya kuwa ni hodari, kuwa bibi yake hatakuwa mlango wa pili. Na akililia kwao asiambiwe kuwa hana shukrani. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) katika Sahihi Bukhari kuwa walipohamia Madina, babake, Abubakar, na Bilal walishikwa na homa, na Bilal akawa akiimba mashairi ya kulitamani bonde la Makka na majani yake na maji yake. Mtume hakumkemea, alimuomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Bilal ndiye aliyewekewa jiwe kifuani katika mji ule ule alioulilia. Ikiwa yeye aliukumbuka mji uliomtesa, ni ajabu gani mtoto kukumbuka mji uliomlea?

Wa tatu ndiye paka, ambaye watu wa barazani walimcheka. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili linavyokwenda, kwani wengi hawalijui. Uingereza huchelea sana ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao umo katika nchi yetu. Zamani kila paka na mbwa aliyetoka ng'ambo alizuiliwa miezi sita mahali pa kutengwa. Kuanzia mwaka 2000 ikawekwa njia nyingine. Paka atokaye Kenya hana budi atiwe chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari ya kumtambulisha. Kisha apigwe chanjo ya kichaa. Kisha, baada ya siku zisizopungua 30, atolewe damu ipimwe kama chanjo imeshika. Kisha angoje miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Hiyo ni kama miezi minne kwa uchache. Juu yake kuna cheti cha daktari wa mifugo wa serikali, na safari ya ndege ambayo kwa kawaida huenda kama shehena, ndani ya kizimba, mbali na wenyewe. Kosa moja katika karatasi huweza kumfanya azuiliwe miezi minne akifika. Na gharama ya yote huweza kupita nauli ya mtu.

Je, hii ni israfu? Jawabu letu ni kuwa israfu ni kutumia mahali pasipokuwa na haki. Na paka huyu ana haki. Ni katika Bukhari na Muslim Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Watu huisoma Hadithi hii wakadhani kuwa yahusu ukatili wa mkono. Lakini mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka. Kosa lake ni kuwa alimtia katika hali ya kumtegemea yeye peke yake, kisha asimtimizie. Hilo ndilo jambo la kushika. Mwenye kumzoeza kiumbe mkono wake miaka minane amekwisha kumfungia mlango wa kujitafutia, hata kama hakumfunga kamba. Basi kumchukua paka kama huyo ndani ya gunia usiku akaenda kutupwa marikiti au forodhani, kama wafanyavyo wengi wetu, kwa kusema "Mungu atamruzuku", si tawakali. Ni kumtupia Mwenyezi Mungu amana aliyokupa wewe. Na mwenye kutaka kujua paka ana daraja gani kwetu, na akumbuke Hadithi ya Abu Qatada (R.A.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amewahesabu paka kuwa si najisi, na kuwa ni katika wale watuzungukao majumbani mwetu. Wamewekwa mahali pa watu wa nyumba, si mahali pa takataka.

Lakini kuwa ana haki hakulazimishi kuwa apandishwe ndege. Haki ya paka ni usalama na chakula na mtu amjuaye, si kuwa na sisi kila twendako. Mara nyingi paka hushikamana na mahali zaidi kuliko watu: ukuta wake, dari yake, kipembe chake cha jua. Kumtia ndani ya kizimba akiwa na miaka minane, akasikia ngurumo usiku kucha, kisha afungiwe katika chumba cha ghorofani ambako hatagusa udongo, huenda ikawa ni kuwafurahisha watoto kwa kumhuzunisha yeye. Kwa hiyo muulizaji na ajiulize kwanza: Je, yupo mtu amjuaye paka huyu, na ampendaye, na atakayebakia katika nyumba ile ile? Akiwepo, basi kumwacha kwa mtu huyo, pamoja na fedha za chakula chake na za dakitari, ni bora kuliko kumsafirisha. Asipokuwepo, basi amchukue, wala asijali vicheko vya barazani.

Tulipofika hapa tulimwuliza ndugu yetu suala hilo hilo: Je, yupo mtu kama huyo? Akainamisha kichwa, akasema: "Yupo. Ni mama."

Wallahi, jawabu hili lilitunyamazisha sote. Kumbe nyumbani mle mna bibi mzee, mjane, ambaye ndiye amlishaye paka kila alfajiri baada ya sala, na paka hulala mlangoni pake. Katika suala lake lote la kwanza ndugu yetu hakumtaja. Alitaja mke, akataja watoto, akataja paka, mama hakuwemo. Si kwamba hampendi. Ni kwamba amemhesabu pamoja na nyumba, kama nguzo: kitu kisichohama, kwa hivyo hakihitaji kuulizwa.

Na hapa pana jambo ambalo kila mwenye kufikiri na alitie moyoni. Tumekueleza kuwa paka ana njia ya kuingia Uingereza, ingawa ni ndefu. Mama hana. Kwa kanuni zilizowekwa huko Julai 2012, mzazi hawezi kumfuata mwanawe kwenda kukaa naye ila iwe ni mgonjwa au mzee asiyeweza kujifanyia mambo yake ya kila siku, na utunzaji wake usipatikane kwao hata kwa kulipia, na huyo mwana awe ni raia au mwenye ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyepewa hifadhi. Aliyekwenda kwa viza ya kazi hayumo kabisa. Basi mtu aweza kufanya juhudi ya miezi minne akamvusha paka wake bahari, na mamake asivuke kwa juhudi ya miaka minne. Sheria ile si yetu na hatuwezi kuigeuza. Lakini lipi la kumtanguliza katika mashauri yetu, hilo ni letu.

Mimi niandikaye sijitoi. Nilipokuwa kijana nilikwenda Ghuba kufanya kazi, nikakaa miaka saba. Hapa nilikuwa na duka dogo lililotosha. Nilichotaka ni zaidi ya kutosha. Kila mwezi nilipeleka fedha nyumbani, na watu walinisifu kuwa ni mtoto mwema. Baba alikuwa akiugua, na kila nilipompigia simu aliniambia kuwa hajambo. Nilimsadiki kwa sababu nilipenda kumsadiki. Alifariki mwaka wa sita. Nilirudi siku ya tatu, kaburi likiwa limekwisha kauka. Hapana aliyenilaumu, wala sheikh hakunitolea fatwa ya ubaya. Lakini tangu siku hiyo najua kuwa fedha nilizozipeleka zilikuwa ni mali yangu, na miaka ile saba ilikuwa ni mali yake, nami niliitumia bila ya kumwomba ruhusa.

Imepokewa na Abu Daud kwa Abdullahi bin Amri (R.A.) kuwa mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka kumpa ahadi ya hijra, akaeleza kuwa amewaacha wazazi wake wawili wakilia. Mtume akamwamuru arudi kwao, akawachekeshe kama alivyowaliza. Izingatie Hadithi hii, ndugu yangu. Mtu yule hakuwa akienda kutafuta mshahara wala nyumba yenye nafasi. Alikuwa akiihamia dini. Na bado alirudishwa. Basi wewe unayehamia maisha mapya, hujarudishwa na nani?

Lakini tusipite mpaka. Wako wazazi ambao hawalii. Wako wanaowaambia watoto wao nendeni, nao wasema kweli, wana watoto wengine wa kuwaangalia na wana furaha ya kuwaona wajukuu wamesoma. Mzazi wa namna hii akiisha ridhika, kumbakisha mtoto wake kwa lazima ni kumdhulumu mtoto. Na wako wazazi wasemao "nendeni" kwa ulimi, na nyuso zao zasema vingine. Kuyatambua hayo mawili ni kazi ya mtoto, wala hapana sheikh wala hakimu awezaye kumfanyia. Wala haitambuliki kwa simu, wala kwa dakika kumi za magharibi. Yahitaji kukaa.

Kwa hiyo jawabu letu kwa muulizaji ni hili. Kuhama kwako ni jambo la halali kwa asili yake, maadamu utaweza kusimamisha dini yako na ya watoto wako. Mkeo mshauri hali ya kuwa yuko huru kukataa. Watoto waambie kweli. Paka usimtupe, naye ni bora abaki na yule amlishaye, kwa kuwa kumchukua ni kumwondolea mama rafiki wa pili baada ya kumwondolea wa kwanza. Hapo suala lako la paka limekwisha.

Ama safari yenyewe, usiipangie siku kwanza. Nenda kwa mama. Si ukiwa na viza mkononi, maana hapo huwi mwenye kuuliza bali mwenye kuaga. Nenda kabla. Kaa naye siku kadha wa kadha, uone anaamka saa ngapi, na ni nani amshikaye mkono akishuka ngazi, na dawa zake huletwa na nani. Kisha mwulize, na unyamaze umsikilize. Akiridhia kwa moyo, na wakawepo watu wa kumtunza kwa majina yao na siku zao, si kwa "tutaona", basi nenda na Mwenyezi Mungu atakubarikia, na urejee kumwona kila uwezapo, ukiihesabu nauli hiyo katika bei ya safari tangu mwanzo. Na ukiona kuwa hana mtu ila wewe, basi kaa. Ngoja. Kazi za dunia hazijaisha, na nyumba yenye nafasi zaidi itakuwapo, mama hangojei.

Wengine watasema kuwa tumelikuza jambo, kwamba mtu aliuliza habari za paka nasi tukamjibu habari za mamake. Twasema: naam, ndivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya wale awachungao. Mchunga hahesabu wale wenye sauti tu. Ndugu yetu alianza vema alipomfikiria asiyeweza kusema katika nyumba yake. Tulilomzidishia ni kumkumbusha kuwa katika nyumba hiyo hiyo yuko mwingine anyamazaye, naye si kwamba hawezi kusema, bali amengoja aulizwe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona walio karibu nasi kabla hatujatazama ng'ambo, na awahifadhi ndugu zetu wote walioko ugenini, na awape subira wazee waliobaki wakiwangoja. Wallahu aalam.